Kabla ya Kununua Mashine, Pima Pumba

Mtu akikuambia mabua ni takataka, muulize kwanza ana ng'ombe wangapi. Kule Shinyanga, Singida au Dodoma, mahindi yakishavunwa mifugo huingia shambani, na miezi michache baadaye hakuna bua lililosimama. Bua hilohilo ndilo kuni za mama ambaye msitu umemkimbia, ndilo uzio wa banda la kuku, ndilo matandazo ya mkulima anayekinga udongo wake na jua. Kijana anayeleta andiko la mradi lenye maneno "malighafi ya bure" ameshakosea hesabu ya kwanza kabla hajafika ya pili. Masalia ya mazao yana wenyewe, hata kama haki yao haijaandikwa popote.

Nasema haya kwa sababu siku hizi kila chama cha ushirika na kila kikundi cha vijana kinatafuta namna ya kugeuza masalia kuwa mkaa mbadala, umeme, biogesi au kemikali za viwandani. Nia ni njema na mengi yanawezekana. Ila nina ushauri mmoja ninaoutanguliza mbele ya mingine yote: anza na rundo ambalo mtu mwingine ameshalikusanya kwa sababu zake mwenyewe. Rundo hilo liko nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, kwenye korona, yaani kinu cha mkonge, kwenye kiwanda cha sukari, kwenye kiwanda cha kubangua korosho. Masalia yaliyotawanyika shambani yaache yawe ya mwisho kufikiriwa, na mara nyingi yasifikiriwe kabisa.

Sababu mojawapo ni udongo wenyewe. Tani moja ya mabua makavu ya mahindi hubeba takriban kilo 6 hadi 8 za nitrojeni na kilo 10 hadi 15 za potasiamu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni na hauna potasiamu hata chembe. Kwa hiyo anayeuza tani tatu za mabua ameuza nitrojeni inayokaribia mfuko mzima wa urea, na potasiamu ameitoa bure. Ni kweli nitrojeni ya mabua hutoka polepole, tena bua likioza huazima kwanza nitrojeni ya udongo kabla ya kurudisha. Lakini ukiliondoa kila mwaka, hesabu hiyo itadai siku moja. Shamba linalotoa magunia manane kwa ekari halina mabua ya ziada, hata mshauri wa mradi aseme nini.

Yapo masalia ya shambani ninayoyaondoa kwenye kanuni hii. Magunzi ni mojawapo, kwa sababu husafiri na mahindi hadi yanakopukuchuliwa, ng'ombe hawayapendi, na rutuba yake ni ndogo. Kila gunia la kilo 100 za punje huacha magunzi ya kilo 15 hadi 20, na ukimwendea mwenye mashine ya kupukuchua utayakuta yamelundikana. Miti ya pamba ni mfano mwingine. Kila mwaka Bodi ya Pamba huwakumbusha wakulima kung'oa na kuchoma masalia baada ya kuvuna ili wadudu wasipate pa kulala hadi msimu ujao. Kazi ya kung'oa hailipwi na mradi wako, ingefanyika tu. Wewe unauliza kama moto ule unaweza kuwaka ndani ya pipa la mkaa badala ya kuwaka hewani. Muda wa mwisho wa kung'oa uheshimu, maana miti ya pamba iliyolundikwa nyuma ya nyumba hadi Desemba ikingoja mashine ifike ni hoteli ya funza. Na magunzi au mahindi yaliyoota ukungu, ambayo hayafai kupewa hata kuku kwa sababu ya sumukuvu, ni heri yaishie jikoni kama kuni.

Sasa turudi kwenye rundo la pumba za mpunga, maana hapo ndipo wengi wataanzia. Maganda hayo magumu ni takriban asilimia 20 ya uzito wa mpunga unaoingia kwenye mashine. Usiyachanganye na pumba laini zinazotoka kwenye kung'arisha mchele. Hizo ni chakula cha mifugo na zina soko lake. Mashine inayokoboa tani 10 kwa siku itakuachia tani mbili za maganda. Ukipita Kahama, Mbarali, Kyela au Ifakara wakati wa msimu utaona vilima vyake, na mara nyingi vinafuka moshi mchana na usiku kwa sababu mwenye mashine anataka nafasi.

Hata hapo usiseme ni bure. Kwanza, zunguka siku kadhaa uulize nani anazichukua. Utakuta wafyatua matofali wanazibeba kuchomea matanuri yao, wafugaji wa kuku wanatandika mabandani, na wenye vitalu vya miche wanazichanganya na udongo. Siku utakapoanza kuja na lori kila asubuhi, mwenye mashine atashtuka kwamba alikuwa anatupa mali, na bei itazaliwa. Miradi mingi imekufa kwa namna hiyo: mchanganuo uliandikwa kwa bei ya sifuri, na benki ikakopesha kwa bei ya sifuri, halafu mwaka wa pili pumba zikawa na bei.

Pili, pima. Sisemi ukadirie kwa macho, nasema ukapime kwa mizani, mara moja wakati wa msimu na mara moja wakati wa kiangazi kirefu ambapo mashine inakoboa siku mbili kwa wiki. Mtambo unaohitaji tani mbili kila siku hauwezi kuishi kwa tani mbili za miezi mitatu. Kisha pima unyevu: chukua kilo moja, ianike kwenye bati jua kali, uipime tena na tena hadi uzito usipungue. Njia hiyo si ya maabara, na huacha unyevu kidogo ndani, lakini inatosha kukuonya. Mashine za kushindilia kuni za pumba hutaka unyevu chini ya asilimia 10 au 12. Pumba zilizonyeshewa zikaingizwa humo hutoa mvuke unaopasua kuni na wakati mwingine hurusha kipande kama risasi. Kwa hiyo gharama ya kwanza ya kiwanda chako ni paa, na mashine hufuata baadaye.

Halafu kuna lori. Mita moja ya ujazo ya pumba zisizoshindiliwa ina uzito wa kilo 100 na kidogo tu. Lori lenye uwezo wa tani 10, bodi yake ikiwa na mita za ujazo 25, litajaa pomoni likiwa na chini ya tani tatu. Kilo moja ya pumba hutoa joto la megajuli 13 hadi 15. Mkaa mzuri hutoa 28 hadi 30. Piga hesabu utaona kwamba lori zima la pumba limebeba joto la mkaa usiofika tani moja na nusu. Unanunua dizeli ili kusafirisha hewa. Ndiyo maana nashauri mashine ya kushindilia iwekwe palepale pumba zinapotoka, hata kama kiwanja cha mjini ni kizuri zaidi na ofisi yake ina kiyoyozi.

Hesabu hizi za kukusanya na kusafirisha hazikuwashinda wanyonge tu. Mwaka 2015 kampuni ya DuPont ilifungua huko Nevada, mji mdogo wa jimbo la Iowa nchini Marekani, kiwanda cha kutengeneza ethanoli kutokana na mabua ya mahindi. Kilikuwa kimegharimu zaidi ya dola milioni 200, na kilihitaji tani 375,000 za mabua kwa mwaka kutoka kwa mamia ya wakulima wa jirani. Iowa ni kitovu cha mahindi, barabara ni nzuri, na matrekta ya kufunga marobota yapo. Mwaka 2017 kampuni ilitangaza kuachana nacho. Crescentino, kaskazini mwa Italia, kiwanda cha namna hiyo kilichofunguliwa mwaka 2013 nacho kilisimama mwaka 2017. Ethanoli ya mabua ni ngumu kikemia, hilo ni kweli, lakini ugumu wa kawaida kabisa nao ulikuwepo: mabua yanavunwa kwa majuma machache na yanatakiwa mwaka mzima, huja na mchanga unaokula vyuma, na marobota huoza au kushika moto yakiwa yamehifadhiwa. Kampuni ya Ujerumani iitwayo Verbio ilinunua kiwanda cha Nevada na kukigeuza kiwe cha gesi, kazi isiyochagua sana malighafi.

Linganisha na kisa cha karibu miaka mia moja kabla ya hapo, katika jimbo hilohilo la Iowa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Quaker Oats ya Cedar Rapids ilianza kutengeneza furfurali, kimiminika kinachotumika kusafisha mafuta ya kulainisha injini na kutengeneza gundi za viwandani. Malighafi yake ilikuwa maganda ya oti yaliyobaki baada ya kutengeneza uji wa kifungua kinywa. Hawakutuma lori hata moja mashambani. Maganda yalikuwa yanawazibia ua. Biashara hiyo ilidumu kwa miongo mingi. Kiwanda cha sukari cha Sezela, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, nacho hutoa furfurali kwenye makapi ya miwa ambayo tayari yako kiwandani. Kijana wa Iringa anayetaka kutengeneza furfurali kwa magunzi asome visa hivi viwili, kisha ajiulize kama anaweza kupata maelfu ya tani za magunzi mahali pamoja, boila la mvuke wa shinikizo kubwa, na mnunuzi wa nje. Nadhani jibu atalipata kabla ya chai ya saa nne.

Swali linalofuata ni la bidhaa: joto, umeme au kemikali? Wengi hukimbilia umeme kwa kuwa umeme una heshima. Mimi nashauri joto kwanza. Kuchoma pumba kukausha mpunga wakati wa mvua za Kyela, au kukausha mahindi kabla ukungu haujaota, ni kazi ambayo tanuri la matofali na feni vinaiweza. Viwanda vya chai vya Rungwe na Mufindi vinachoma kuni kwa wingi kwenye maboila yao. Mabani ya tumbaku ya Tabora yanateketeza miti kila msimu. Shule, magereza na vyuo hupika kila siku, na serikali ya Tanzania imeshaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo mwaka 2034. Soko hilo lipo, linajulikana lilipo, na mkuu wa shule ana bajeti.

Lakini bei yako imeshapangwa na mtu mwingine. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina joto linalolingana na kilo moja ya pumba zilizoshindiliwa, tofauti ni ndogo. Kwa hiyo tani ya kuni zako za pumba haiwezi kuuzwa kwa bei inayozidi sana tani ya kuni iliyofikishwa mlangoni. Kabla hujanunua chochote, nenda kwa mpishi wa shule tatu, uulize wanalipa kiasi gani kwa lori la kuni, lori hilo lina uzito gani, na linapika siku ngapi. Ukipata nambari hizo, toa gharama za umeme, wafanyakazi, pumba na usafiri. Kinachobaki ndicho kinachoweza kulipa mashine. Kama hakibaki kitu, umeokoa mkopo.

Mashine yenyewe ya kushindilia kwa skrubu haihitaji gundi. Joto la ukutani hulainisha lignini, ambayo ndiyo gundi ya asili ya mimea, na kuni hutoka ngumu zenye tundu katikati. Tatizo lake muuzaji halitaji mpaka umlazimishe: pumba za mpunga zimejaa silika, yaani ni kama kusugua chuma kwa msasa. Skrubu isiyovishwa chuma kigumu hudumu saa chache tu. Ikivishwa vizuri hudumu makumi ya saa kisha inarudi kwa mchomeleaji. Basi fundi wa welding anayejua kazi hiyo ni sehemu ya kiwanda chako. Nunua skrubu tatu, moja kazini, moja tayari, moja kwa fundi. Muulize muuzaji pia mashine inakula uniti ngapi kwa kila tani, na usiridhike mpaka uwe umesimama mbele ya mashine kama hiyo inayofanya kazi kwa pumba, si kwa maranda ya mbao.

Mkaa mbadala ni jambo lingine, na hapa nina neno kwa vikundi vya akina mama ambavyo hufundishwa kwa siku mbili kisha huachiwa pipa. Pumba za mpunga hazitoi mkaa mzuri. Karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wake ni majivu, na ukishachoma sehemu nyingine majivu yanakaribia nusu ya mkaa unaobaki. Mteja atawasha, utazimika, atarudi kwa mkaa wa mti na hutamwona tena. Magunzi, miti ya pamba, na vifuu vya nazi kwa walio Pwani, Tanga na Zanzibar, hutoa mkaa ulio bora mara nyingi zaidi. Jaribio lake ni rahisi: pima gramu 100 za unga wa mkaa wako, uchome mpaka yabaki majivu yasiyopungua uzito, pima tena. Ukikuta gramu 40, usipeleke sokoni. Gundi ya uji wa muhogo inatosha, unga wake mkavu ukiwa asilimia tano hadi nane ya unga wa mkaa. Wanaoongeza udongo ili kupata uzito wanajiharibia wenyewe. Kausha mpaka kipande kikigongwa kilie. Kisha jua kwamba hauko peke yako sokoni: STAMICO, shirika la madini la taifa, wanauza makaa yao ya Rafiki yaliyotokana na makaa ya mawe, na mama lishe atalinganisha. Na yeyote achomaye mkaa kwenye pipa afanye kazi hiyo nje, upepo ukimpiga mgongoni, maana hewa inayotoka humo haina harufu ya kukuonya na inaua.

Umeme. Kama una kiwanda cha sukari, nenda nao. Makapi ya miwa ni karibu asilimia 30 ya uzito wa miwa, nusu yake maji, na boila linayataka hivyohivyo. TPC kule Arusha Chini, Moshi, huendesha kiwanda chake kwa makapi, na Kakira karibu na Jinja huiuzia gridi ya Uganda. Ila umeme huo hausimami peke yake. Mumias, magharibi mwa Kenya, ilikuwa na mtambo wa kupeleka megawati 26 kwenye gridi. Miwa ilipopungua na madeni yalipozidi, mtambo ulinyamaza pamoja na kinu, na mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu. Umeme wa makapi una afya ya shamba linaloyazaa, haizidi hapo.

Kwa mashine ndogo ya kijijini ni habari nyingine. Mwaka 2007, katika kijiji cha Tamkuha, jimbo la Bihar nchini India, vijana walioanzisha Husk Power Systems waliwasha umeme kwa gesi iliyotokana na pumba za mpunga. Walifanya mengi sawasawa: mtambo mdogo, waya mfupi, mteja analipa kabla, na mkaa uliobaki wakawapa kina mama watengeneze udi. Hata hivyo gesi ya pumba huja na lami inayoziba vali na vichujio, na lazima mtu aisafishe kila siku bila kukosa. Kadiri paneli za jua zilivyoshuka bei, kampuni ilihamia kwenye jua, na pumba zikabaki msaidizi. Kama wataalamu wa pumba wenyewe wamefika hapo, sioni kwa nini kikundi cha wakulima ishirini kianzie pale walipotoka. Kama mashine yenu ya kukoboa ina dizeli ghali na fundi anayependa kazi chafu, jaribuni. Vinginevyo nunueni paneli, na pumba ziuzeni kama joto.

Masalia mabichi yasichomwe kabisa. Hayo ni ya biogesi. Jani la mkonge hutoa nyuzi kama asilimia nne tu ya uzito wake, na iliyobaki, maji na makapi, kwa miaka mingi ilimwagwa kwenye mabonde na mito ya Tanga ikanuka. Huko Hale, Korogwe, kampuni ya Katani kwa msaada wa UNIDO, shirika la viwanda la Umoja wa Mataifa, na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa ilijenga mtambo wa biogesi wa kilowati 150 wa kula makapi hayo. Naivasha, nchini Kenya, shamba la Gorge Farm liliunganisha mtambo wa zaidi ya megawati mbili mwaka 2015, ukilishwa masalia ya mboga na mahindi machanga yanayotoka kwenye shamba lenyewe. Uzuri wa njia hii ni kwamba tope linalobaki lina nitrojeni na potasiamu yake yote, na linarudi shambani. Kwa mkulima mwenye ng'ombe wawili watatu, mtambo wa chini ya ardhi unaojulikana sana kutokana na kazi ya CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini cha Arusha, unatosha. Usiulishe mabua makavu. Yana kaboni nyingi mno na yataelea juu kama zulia. Samadi ndiyo iongoze, migomba iliyokatwakatwa na maganda ya ndizi yafuate kwa kiasi.

Nimebakiza kemikali, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu tuna utajiri tunaousafirisha bila kuuona. Ganda la korosho ni kama asilimia 70 ya uzito wa korosho ghafi, na ndani yake mna mafuta ya asilimia 15 hadi 30 ya uzito wa ganda. Msimu wa 2017/2018 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000. Sehemu kubwa ilipakiwa Mtwara kwenda India na Vietnam ikiwa ghafi, maana yake tulipakia pia zaidi ya tani 200,000 za maganda, na ndani yake mafuta yasiyopungua makumi ya maelfu ya tani. Hatukuyatajia bei.

Mafuta hayo si ya kula. Ni asidi ya anakadi kwa wingi, na ukiyapasha moto hugeuka kadanoli, ambayo viwanda huitumia kwenye pedi za breki na klachi, rangi za meli zisizoogopa maji ya chumvi, gundi na vanishi. Wavuvi wa India wamepaka mafuta hayo kwenye mbao za mashua tangu zamani. Profesa Egid Mubofu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya utafiti mwingi kuhusu kemikali zinazoweza kutokana na maganda haya, kwa hiyo elimu haiko mbali na Mtwara. Mwenye kiwanda cha kubangua anaweza kuanza bila maabara: mashine ya kukamua kama ya alizeti, mapipa safi, na mnunuzi mmoja aliyempata kabla ya kukamua pipa la kwanza. Mashudu yanayobaki huwaka vizuri kwenye boila la kiwanda chenyewe, na moshi wake hauwashi macho kama wa maganda yasiyokamuliwa.

Tahadhari moja siwezi kuiruka. Mafuta hayo yanababua ngozi. Kina mama wanaobangua kwa mkono huko Lindi na Mtwara wanajua, vidole vyao vina alama. Anayekamua avae glavu za mpira nzito, aproni na miwani, na mashudu yasikaribie zizi la mbuzi. Kiwanda kinachookoa fedha za glavu ndicho kitakachofungwa na wafanyakazi wake wenyewe, na haki watakuwa nayo.

Kemikali nyingine iliyo karibu ni silika ya majivu ya pumba. Pumba zikichomwa kwa moto usiozidi takriban nyuzi 700 za Selsiasi, majivu huwa ya silika laini ambayo huchangamka na chokaa, hufaa kuchanganywa na saruji kwenye matofali, na kampuni ya Goodyear ilitangaza mwaka 2014 kuitumia kwenye matairi. Moto ukizidi sana, silika hugeuka fuwele. Haifai tena kwa saruji, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Kwa hiyo majivu ya tanuri la matofali si sawa na majivu ya tanuri linalodhibitiwa, hata kama rangi zinafanana. Anayekaa na majivu avae barakoa, awe amechoma kwa moto mdogo au mkubwa.

Sasa mkataba, maana mengi niliyoyasema yanavunjika pasipo karatasi. Ukikubaliana na mwenye mashine, andikeni bei ya kilo kwa miaka mitatu na namna itakavyopanda, kiasi cha chini atakachokupa kwa mwezi, nani anapima na kwa mizani ya nani, na unyevu ukizidi kiasi gani unaruhusiwa kukataa. Andikeni kwamba wafyatua matofali waliokuwa wakichukua magunia yao wataendelea kupata kiasi fulani. Majirani waliofungiwa mlango hugeuka maadui usiowahitaji, na rundo la pumba linashika moto kwa kiberiti kimoja. Ukikodi kiwanja kwake, andikeni nani analipa bima ya moto. Mtu akikuahidi kwamba fedha za hewa ya ukaa zitalipa mkopo, mwambie aingie mkatabani naye aweke sahihi. Na kipengele ambacho watu husahau: majivu ni ya nani. Leo hakuna anayeyataka, na kwa sababu hiyo ndiyo siku nzuri ya kuyaandika kwa jina lako.